Kwenu wapi? Barua ya wazi kwa wakuu wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini

Waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, pamoja na wizara yenye dhamana ya Watanzania waishio nje,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilifundisha Botswana kwa miaka 23, na mwaka jana mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, nilirudi na familia yangu. Naishi Uyole. Kwetu hasa ni upande wa Kiwira, wilaya ya Rungwe, mwendo wa saa moja hivi kwa Coaster ikiwa dereva hasubiri abiria. Saa hiyo moja ndiyo imenifanya niandike. Kila ofisi niliyoingia tangu nirudi imeniuliza swali lile lile: "Kwenu wapi?" Nikijibu Kiwira, naambiwa, basi nenda kwenu wakakujaze fomu. Nikifika kijijini naambiwa, mwalimu, wewe huishi hapa, rudi unakoishi. Nauli ya kwenda na kurudi naijua kwa kichwa, na makondakta wa njia hiyo wananijua kwa sura.

Neno diaspora likitajwa kwenye hotuba, anayefikiriwa ni mtu wa Marekani au Uingereza aliyeshuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ana dola na anatafuta mahali pa kuwekeza. Sina kinyongo naye. Lakini katika mikoa yenu, Waheshimiwa, mtu anayetoka nje mara nyingi anashuka kwenye basi Tunduma au Kasumulu na mifuko yake ya shangazi kaja. Ametoka Lusaka, Kitwe, Lilongwe, Gaborone, Johannesburg. Alikuwa fundi, mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa nguo. Harudi kufungua kiwanda, anarudi kukaa. Mipango ninayoisikia ikitangazwa imemlenga yule wa ndege, na huyu wa basi anaachiwa mwenyekiti wa mtaa apambane naye.

Na si jambo geni huku kwetu. Babu yangu alikuwa mtu wa Wenela, kama wazee walivyoiita ile ajira ya migodi ya Afrika Kusini. Alikwenda, akakaa miaka, akarudi na sanduku la bati, blanketi na baiskeli. Hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Chifu alimjua, mama yake alikuwa hai, na migomba yake kaka yake alikuwa ameipalilia. Aliingia nyumbani asubuhi, jioni akawa mwanakijiji. Mimi huu ni mwezi wa 14 na bado.

Nianze na mpakani, maana huko kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipoondoka mwaka 2001 tulivuka Zambezi kwa pantoni pale Kazungula, tukisubiri zamu nyuma ya malori. Safari hii tulipita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2021, tukawa Zambia kabla watoto hawajamaliza kupiga picha. Nikajidanganya kwamba kama mto ule umekuwa mwepesi hivyo, basi na mengine yatakuwa mepesi. Nilikuwa na gari langu dogo nililolitumia kwa miaka sita, na lori la kukodi lenye vyombo: vitanda, friji, vitabu, cherehani ya mke wangu. Wakala mmoja wa forodha akaniambia gari hilo lazima nililipie ushuru wote kama mtu aliyeagiza gari la kuuza, na kwamba nikibisha nitalala pale wiki mbili. Watoto walikuwa wamechoka. Nikalipa. Fedha ile ingeniezekea nyumba.

Miezi mitatu baadaye, kijana mmoja mwanasheria niliyekaa naye kwenye basi akaniambia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, inamsamehe mkazi anayerejea ushuru wa vyombo vyake vya nyumbani vilivyotumika, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko nje kwa angalau miezi 12. Angalau miezi 12! Mimi nilikuwa na miaka sita na kadi ya gari mfukoni. Mwalimu wa hesabu nimeshindwa kwa sababu sikujua swali limeulizwaje. Ndiyo maana naomba mambo kama haya yabandikwe mipakani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtu anapaona kabla hajakutana na wakala wa kwanza. Gharama yake ni bati moja, rangi na fundi wa kuandika.

Lakini la mpakani liliisha. Lisiloisha ni la kutambuliwa.

Usajili wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mimi nilikuwa nje. Kwa hiyo nimerudi nikiwa na pasipoti halali ya Tanzania, cheti cha darasa la saba, cheti cha ualimu, na cheti cha ubatizo cha Moravian, lakini sina namba ya NIDA. Mnajua wenyewe maana yake siku hizi. Huna namba, husajili laini ya simu kwa alama za vidole. Huna laini, huna pesa za simu, na asiye na pesa za simu hapa mjini ni kama hana mikono. Laini ninayotumia ni ya mpwa wangu. Nikimlipa mtu, linatokea jina la mpwa wangu. Fundi aliyenijengea choo ananiita kwa jina hilo hadi leo, na nimechoka kumsahihisha.

Kuipata namba hiyo kumenipitisha kwenye mahojiano kadhaa. Silaumu mahojiano yenyewe. Mkoa wa mpakani lazima ujiangalie, na mtu akikujia na Kiswahili chenye lafudhi ya kusini, anayesema "eish" akishtuka, una haki ya kumkazia macho. Afisa mmoja, kijana mstaarabu kabisa, aliniomba nihesabu kwa Kinyakyusa. Nikamhesabia hadi kumi, nikaongeza na salamu, ugonile. Akatikisa kichwa akatabasamu: "Mwalimu, hata Karonga wanahesabu hivyohivyo." Na alisema kweli. Wangonde wa kule Malawi na sisi tumetenganishwa na mto Songwe tu; lugha ni ya tumbo moja. Hapo ndipo nilipoona kwamba lugha ya mama yangu, niliyoitunza kwa miaka 23 kama yai, hainisaidii kuthibitisha chochote.

Basi ikatakiwa shahidi. Baba na mama walishafariki. Aliyebaki ni mzee jirani, ana miaka zaidi ya 80, ndiye aliyenifundisha kuchunga. Nimemleta mjini mara tatu. Mara ya kwanza mtandao ulikuwa chini. Mara ya pili aliyehusika alikuwa semina. Mara ya tatu alisikilizwa, akaweka dole gumba kwenye karatasi, kisha nikaambiwa barua ya utambulisho ya mtendaji imepita muda wake, nilete nyingine. Mzee akaniuliza njiani kwa upole: "Mwanangu, huko ulikokuwa uliua mtu?"

Kinachoniuma zaidi ni bahasha. Kabla ya kuondoka nilikwenda ubalozini kwetu Pretoria, nikapewa barua yenye muhuri inayoeleza mimi ni nani, nilikuwa nikifanya nini, familia yangu ni watu wangapi na narudi kukaa. Barua hiyo ilisomwa mara moja, mpakani. Tangu hapo kila ninapoitoa naambiwa, hiyo ni ya huko, hapa tunataka ya mtaa. Kwa hiyo dola inayoniwakilisha Pretoria inaniona mtu wake, na meza ya kata inayosema kwa niaba ya dola hiyohiyo inaniona mgeni. Karatasi hiyo sasa imechakaa kwenye mikunjo kama noti ya zamani.

Watoto wangu wawili walizaliwa kule. Sisi wazazi wote ni Watanzania, mke wangu ni wa Makete, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inawatambua watoto wetu kuwa raia kwa kurithi. Botswana haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa kwenye ardhi yake, kwa hiyo hawa wasipokuwa Watanzania hawana pa kwenda. Cheti chao cha kuzaliwa kimeandikwa kwa Kiingereza na Kitswana. Nimeshakitafsiri, nimeshakigonga mhuri wa wakili, na bado kila anayekipokea hukigeuza nyuma kama anatafuta tarehe ya kuisha.

Binti yangu alikuwa sawa na kidato cha pili. Ulinganishi wa vyeti vya nje upo, lakini yeye hakuwa na cheti cha kulinganishwa. Alikuwa katikati ya safari, hajafanya mtihani wa mwisho. Shule ikaona salama kumrudisha kidato cha kwanza. Amekubali. Ana miaka 15 na ni mtu wa kukubali mambo, jambo linalonitia wasiwasi kidogo.

Kijana, ana miaka 10, yuko darasa la nne. Huyu nilimwona mwenyewe akiangukia pale ninapopajua. Swali lilisema mkulima alivuna magunia 12 ya mahindi, akauza robo tatu, aliuza mangapi? Nikimsomea kwa lugha aliyoizoea anasema tisa kabla sijafunga mdomo. Kwenye karatasi anakodolea macho maneno "robo tatu" kama ni jina la mtu. Alama zake zinasema hajui sehemu. Anazijua. Asichokijua ni Kiswahili cha shuleni, na hilo ni kosa letu wazazi. Nyumbani tulizoea kuchanganya Kiingereza na Kitswana kwa sababu ndiko walikocheza. Wenzake darasani wanamwita Mzambia. Nimewaambia Zambia tulilala usiku mmoja tu, hawakujali.

Sasa nije kwenye ardhi, kwa sababu najua wengine mtasema: mtu ana kijiji, ana shamba la baba, anahangaika Uyole kutafuta nini?

Shamba lipo, ekari tatu hivi. Nilipoondoka lilikuwa migomba na kahawa kidogo. Mdogo wangu amelilima miaka yote hiyo, akang'oa mibuni iliyozeeka, akapanda miparachichi, na sasa magari ya wanunuzi yanafika hadi kwake. Mimi nilituma ada za watoto wake na fedha ya msiba wa mama. Yeye alituma picha za shamba. Niliporudi hakuna aliyenifukuza. Lakini jioni ya pili, mzee mmoja wa kijiji alinieleza mambo kwa sauti ya chini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ambayo haikutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano ihesabiwe kuwa imetelekezwa, na inamtaja waziwazi aliyeondoka nchini bila kuacha mtu wa kuisimamia. Na madai ya ardhi mahakamani yana ukomo wa miaka 12. Mimi nimekaa 23. Kisheria, kama mdogo wangu angekuwa mtu mwingine, nisingekuwa na pa kusimama.

Sheria hiyo siilaumu. Aliyebaki akalima hawezi kufanywa mlinzi wa aliyeondoka milele. Lakini ni watu wangapi walioko Copperbelt au Cape Town leo wanaojua kwamba walipaswa kuacha neno ofisini kijijini? Kwetu tuliaga ukoo, tukachinja kuku, tukapanda basi. Hatukujua kwamba serikali ya kijiji nayo ilipaswa kuagwa. Naomba kila halmashauri iwe na daftari, daftari la kawaida tu la kaunta, ambamo mtu anayekwenda nje ataandika shamba lake liko wapi, nani analisimamia na kwa makubaliano gani, mbele ya mtendaji na ndugu wawili. Ugomvi mwingi unaofika mabaraza ya ardhi ungeishia kwenye ukurasa huo.

Mimi na mdogo wangu tumeyamaliza. Hati ya hakimiliki ya kimila tumekubaliana iandikwe majina yetu wawili, miparachichi ni yake, na mimi nimepewa pembe ya chini karibu na kijito nipande migomba. Uyole nimechagua kwa sababu mbili. Mke wangu ana shinikizo la damu na kliniki yake iko mjini. Ya pili naisema kwa sababu barua hii ni ya wazi: mtu aliyekaa mbali miaka 23 akirudi kujenga uani kwa mdogo wake aliyelea mji, hata wakipendana vipi, mmoja wao atakuwa mgeni na hawatakubaliana ni yupi. Kukaa mwendo wa saa moja kunatufaa. Msiba ukitokea nafika kabla ya chai kuchemka. Jumapili anakuja na mkungu, naye anarudi na sukari.

Kwa hiyo mtu anaweza kurudi bila kurudi pale pale. Fomu zenu hazimjui mtu wa namna hii. Kwenye fomu kuna mzaliwa wa hapa na kuna mhamiaji aliyehama kutoka kijiji fulani na barua ya kijiji hicho. Aliyehama kutoka Gaborone hana kisanduku chake.

Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili wenzetu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapate hadhi maalum. Nimewafurahia. Wamesubiri sana. Ila nilicheka peke yangu siku ile: wao waliobadili uraia wamefikiriwa utaratibu wao, na mimi niliyekataa kubadili, nikasimama foleni za vibali vya kazi miaka 23 ili nibaki Mtanzania, natafutiwa shahidi wa kunithibitisha kuwa Mtanzania.

Ninachoomba, ukiacha bango na daftari, ni jambo moja. Niulizwe mara moja. Iwepo meza Mbeya, na nyingine Iringa kwa wenzetu wa upande ule, yenye mtu wa uhamiaji, mtu wa vitambulisho na mtu wa elimu, hata kama wanakaa pamoja siku moja tu kwa mwezi. Anayerejea aende na pasipoti yake, barua ya ubalozi na shahidi mmoja. Ahojiwe vizuri, hata siku nzima, hata aimbe nyimbo za shule za Kinyakyusa kama itasaidia. Wakiridhika, apewe karatasi moja ambayo mtaa, kata, shule na kampuni ya simu watalazimika kuipokea. Wasiporidhika wamwambie hapo hapo kwa nini. Najua serikali inaweza. Pale Tunduma, tangu mwaka 2019, Tanzania na Zambia zinakaa jengo moja ili lori la shaba lisikaguliwe mara mbili. Kilichofanywa kwa shaba kinaweza kufanywa kwa mtu.

Tena hamtakuwa mnapokea mizigo tu. Wiki ya tatu tangu nirudi nilikwenda shule moja ya sekondari, nikamwambia mkuu wa shule kwamba nafundisha hisabati, sihitaji mshahara, anipe vipindi vya kidato cha tatu ambacho hakikuwa na mwalimu wa somo hilo. Alifurahi hadi akanionyesha darasa. Kisha akasema lazima kiwepo kibali kutoka juu, akaandika barua mbele yangu. Barua imeondoka, haijarudi. Kidato cha tatu kile sasa ni kidato cha nne na mtihani wao ni mwezi wa kumi na moja. Wanaotaka wanakuja kwangu Jumamosi saa nne, tunakaa barazani, ubao ni mlango wa zamani niliopaka rangi nyeusi. Wiki iliyopita walikuwa 11. Kijana wangu anakaa nao nyuma, anajifunza maneno: robo tatu, kipenyo, mzingo.

Mtendaji ameniambia barua mpya ya utambulisho itatoka baada ya mkutano wa mtaa, mwisho wa mwezi huu. Nitakuwepo na bahasha yangu. Mzee wangu wa Kiwira nimemwomba asije safari hii, mafua yamembana, lakini amenituma niwaambieni kwamba yeye bado yupo na bado ananikumbuka nilivyokuwa nachunga ng'ombe.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati,
Uyole, Mbeya